Mlina Asali na Watu wa Bima

Mtu wa bima alifika wodini siku ya nne baada ya ajali, mkononi kabeba mfuko wa machungwa kumi. Justini aliyahesabu. Alikuwa amelala chali, mguu wa kulia umening'inizwa kwa kamba yenye uzito mwishoni, na hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kutazama dari na kuhesabu kinachoingia mlangoni. Machungwa kumi kwa majeruhi wanne. Akajiuliza hesabu hiyo walijifunzia wapi.

Kijana mwenyewe aliitwa Shilinde. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, na viatu vyenye ncha ndefu mbele, kama vya mtu ambaye hajawahi kukanyaga tope kwa hiari yake. Alitumwa na kampuni iliyolikatia bima lori la tumbaku. Lori hilo ndilo lililotaka kulipita trekta katikati ya vumbi kwenye barabara ya Ulyankulu, mwishoni mwa mwezi wa tano, likakutana uso kwa uso na gari dogo la abiria alilopanda Justini kupeleka ndoo sita za asali Tabora mjini. Hakufa mtu. Dereva wa gari dogo alivunjika mbavu, fundi baiskeli mmoja alivunjika mkono, Esperansi muuza dagaa aliingiwa na vioo katika jicho la kushoto likapotea, na Justini alivunjika nyonga. Asali ilimwagika yote barabarani. Waliokuwepo walisema nyuki walifika kabla ya polisi.

Shilinde alizunguka wodi ya wanaume na ya wanawake, akitoa pole kwa sauti ya chini kama ya msibani. Baada ya pole akatoa karatasi. Ilikuwa kurasa mbili, Kiingereza kitupu, na pamoja nayo bahasha ya laki tano taslimu kwa kila mtu, ili mambo yaishe upesi, alisema, kabla urasimu haujaanza. Dereva akasaini. Fundi baiskeli akasaini kwa mkono wa kushoto. Kitandani kwa Justini karatasi ikakwama.

"Imeandikwa nini hii?" Justini aliuliza.

"Ni utaratibu tu, mzee. Unathibitisha kwamba umepokea."

"Sijakuuliza ni kitu gani. Nimekuuliza imeandikwa nini."

Shilinde akasoma mstari mmoja kwa Kiswahili, akaruka kama minne, akasoma mwingine. Justini aliishia darasa la saba na Kiingereza hakukijua, lakini macho ya mtu anayeruka mistari aliyajua vizuri, kwa kuwa katekista wa kigango chao alikuwa na tabia hiyo hiyo Jumapili zenye jua kali. Akamrudishia karatasi yake. Machungwa alibaki nayo mawili, akamwambia mkewe Adelina ammenyee moja palepale, mgeni akiwa bado amesimama.

Jioni Adelina alimwambia kwamba Esperansi naye amesaini, kule wodi ya wanawake, nusu ya uso ikiwa ndani ya bandeji. Justini aliguna tu. Alikuwa mtu wa kudharau haraka na kusahau polepole. Kijijini walimjua hivyo, na wengi walimheshimu kwa sababu hiyo, au walimkwepa, jambo ambalo yeye hakuona tofauti yake.

Alirudi nyumbani Ulyankulu baada ya wiki tisa, akiwa na magongo mawili na mguu uliopungua urefu wa vidole vitatu. Msimu mkubwa wa asali ulikuwa umempita. Alikuwa na mizinga mia na arobaini ya magogo, aliyoitundika mmoja mmoja kwa miaka ishirini na sita, juu kabisa kwenye miti mikubwa ya porini ambako nyegere hafiki. Kuilina ilikuwa kazi ya kupanda kwa kamba, tochi ya moshi kiunoni, ndoo ikifuata nyuma, na kushuka na uzito. Sasa hata kitanda alikipanda kwa kusaidiwa. Alijaribu mara moja tu kuukumbatia mti mdogo wa uani, mguu ukamsaliti kabla hajaacha ardhi. Hakujaribu tena, na aliyemwona alikuwa Adelina peke yake.

Hasira ile aliipeleka kwingine. Jumapili moja baada ya misa, watu walipomzunguka kumjulia hali, alisema kwamba yeye si wa kununuliwa kwa machungwa kama wengine, na kwamba kuna mtu kijiji cha jirani ameuza jicho zima kwa bei ya baiskeli mbili. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Esperansi alikuwa amesimama nyuma yao, khanga ameivuta upande wa kushoto wa uso. Alimwamkia, shikamoo Baba Jenifa, kama kawaida, akashika njia yake. Justini aliitikia marahaba na kuendelea na maneno yake.

Mwezi wa tisa alikwenda Tabora kufuatilia nakala ya fomu ya polisi na ramani ya ajali. Nje ya ofisi, kwenye benchi wanalokaa wenye shida, alimkuta mtu wa makamo aliyevaa koti zito mchana wa jua. Jina lake Nestory. Alijitambulisha kuwa mshauri wa sheria, na faili lake alilishika kwa namna ambayo Justini aliona wazi ndani hamna kitu. Alikuwa wakili kishoka, wa wale wanaonusa majeruhi kama nzi wanavyonusa kidonda. Alimweleza Justini kwamba fidia ni mchezo wa macho. Angemtafutia kiti cha magurudumu cha kukodi. Angemfundisha kutikisa kichwa kidogo kila anapoulizwa swali, na kusahau jina la mkewe. Malipo yangekuwa mara tano, na yeye angechukua asilimia arobaini.

Justini alimsikiliza mpaka mwisho, kwa makusudi kabisa, ili kuona mtu anaweza kufika wapi.

"Yaani mwenye lori kaniharibia mguu," alimwambia, "halafu wewe unataka nikupe na akili, na bado nikulipe. Mimi ni kilema wa nyonga, bwana. Sitaki senti ya kilema cha kuazima."

Nestory akasema mzee hajui dunia, akahamia mwisho wa benchi kwa mama mmoja mwenye mkono wa plasta.

Daktari wa hospitali alimpima tena kwa uangalifu, akiugeuza mguu huku na huku na kuandika kila pembe ulipogomea. Akajaza kwamba ulemavu wa kudumu ni asilimia thelathini. Karatasi hiyo, fomu ya polisi, na barua ndefu aliyoiandika binti yake Jenifa, ambaye alikuwa anasoma chuo cha kilimo, vilitumwa kwa kampuni. Ikapita miezi miwili. Jibu lilipokuja lilikuwa na maswali ya kumfanya mtu acheke kama si yeye anayeulizwa. Walitaka hati ya mshahara. Walitaka namba ya mlipakodi. Walitaka uthibitisho wa uraia, kwa kuwa mdai anatoka eneo la waliokuwa wakimbizi. Justini alizaliwa Ulyankulu miaka miwili baada ya wazazi wake kuvuka mpaka kutoka Burundi, na hati yake ya uraia aliitunza ndani ya karatasi ya nailoni, chini ya godoro. Alijiuliza kama lori lile nalo liliuliza uraia kabla ya kumgonga. Alituma nakala.

Ndipo Shilinde akaja mwenyewe kufanya uchunguzi. Alifika na gari la kampuni, viatu vilevile, kishikwambi kwapani. Alitaka kuiona hiyo mizinga inayosemwa. Justini hakumzuia. Alipanda nyuma ya pikipiki ya mpwa wake, gari likafuata mpaka njia ilipokwisha, na kutoka hapo wakatembea, mwenye magongo mbele na mwenye miguu miwili nyuma akihema. Dorobo, wale mbung'o wa porini, walimpata Shilinde shingoni. Justini alimwona anavyojipiga makofi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akajihisi mwepesi.

Walisimama chini ya mti mkubwa wa mtundu. Mizinga mitatu ilionekana juu, midogo kama vidole. Shilinde aliinua uso, akaushusha.

"Mzee, tuseme ukweli," alisema. "Asali wanatengeneza nyuki. Mguu wako unaingia wapi hapo?"

Justini alihamisha uzito kutoka gongo moja kwenda jingine. "Na mshahara wako wanautengeneza wakata bima," alisema. "Wewe unaingia wapi?"

 Labda kwa kutaka kujinasua, Shilinde akageuka mtaalamu. Alieleza kwamba ufugaji wa kupanda miti umepitwa na wakati, na kwamba wafugaji wa kisasa wanatumia mizinga ya masanduku, inayoning'inizwa kwa waya kati ya nguzo, usawa wa kifua. Mtu hata akiwa na mguu mmoja anafungua kifuniko na kulina amesimama. Kwa hiyo, kitaalamu, mdai hajapoteza kazi. Amekataa tu maendeleo.

Justini aliuliza ni masanduku mangapi yangetosha mahali pa mizinga yake, na aliuliza kwa kejeli tu, hakuwa na hila yoyote. Lakini Shilinde alikuwa ameshanogewa. Sanduku moja, alisema, kwa wastani linatoa mara mbili ya gogo. Kwa hiyo sabini. Pamoja na nguzo na waya, mavazi ya kinga, bomba la moshi, na mashine ya kukamulia. Aliandika yote kwenye kishikwambi, papo hapo, kwa fahari ya mtu aliyesoma. Kisha akapiga picha mti, na Justini akiwa chini yake.

Barua iliyofuata ilitaja kiasi cha mwisho ambacho kampuni ilikuwa tayari kulipa: milioni moja na laki nane. Nyuma yake ilibanwa taarifa ya mchunguzi, Kiingereza tena. Jenifa, aliyekuwa likizo, aliisoma na kuitafsiri sebuleni, sentensi kwa sentensi, bila kuruka. Alipofika mahali penye mizinga sabini, Justini alimwomba arudie. Akarudia. Justini akaanza kucheka, kicheko kirefu kilichomtoa Adelina jikoni na mwiko mkononi, maana tangu ajali hakuwa amekisikia.

"Ameandika kwamba nikipewa masanduku sabini sina hasara," alisema. "Haya. Na anipe."

Siku hiyo hiyo wakaandika malalamiko kwa ofisi inayosuluhisha migogoro ya bima. Walikuwa bado wanakunja barua Esperansi alipopiga hodi. Habari zilikuwa zimemfikia sokoni. Alikaa kwenye kigoda alichopewa na Adelina, akasema kwa kifupi kwamba amekuja kuomba naye aandikwe.

Justini hakumtazama. Alisema malalamiko ni ya wasiolipwa, na yeye alishalipwa.

 Esperansi alimjibu kwa Kirundi, lugha ambayo wote pale nyumbani waliitumia, ili asikosewe.

"Baba Jenifa, siku ile daktari aliniambia dawa ya kuliokoa jicho la pili inanunuliwa duka la nje, na isipopatikana mchana ule la kulia litafuata la kushoto. Nilikuwa na elfu nane. Wewe ulikuwa na mke kando ya kitanda na ng'ombe wa kuuza nyumbani. Ningekuwa na ng'ombe, hata mimi ningejua kudharau."

  Justini alitazama mikono ya yule mama, yenye magamba ya dagaa kwenye kucha, akatazama ukutani. Alikumbuka Jumapili ile, na vicheko vilivyoishia njiani, akaelewa kwa nini viliishia. Ilimuuma mahali ambapo daktari hakupapima. Mwishoni alimwambia Jenifa achukue karatasi nyingine, na sauti yake ilitoka ngumu kuliko alivyotaka. Jenifa akaandika.

Msuluhishi alikuja Tabora mwezi wa tatu, akakaa siku tatu kusikiliza malalamiko ya mikoa ya magharibi. Alikuwa mama mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na chumba alichopewa kilikuwa na meza iliyopungukiwa mguu, ikategemezwa kwa matofali. Upande mmoja alikaa Shilinde na mwanasheria wa kampuni, mtu mnene aliyetoka Dar es Salaam na kulalamikia joto tangu anaingia. Upande wa pili walikaa Justini, Jenifa na Esperansi.

Mwanasheria alisema kwa urefu. Alisema mdai ni mkulima mdogo asiye na kipato kinachothibitika. Alisema kampuni imeonyesha ubinadamu mkubwa. Alisema na mambo mengine ambayo Justini aliyaacha yapite juu, kama wingu lisilo na mvua. Zamu yake ilipofika alisimama, ingawa aliambiwa anaweza kukaa.

"Mheshimiwa, mimi sina ubishi na hawa," alisema. "Nimekubaliana na taarifa ya bwana Shilinde kwa kila neno. Naomba tu isomwe."

Msuluhishi akafungua ukurasa na kumwomba Shilinde asome mwenyewe, kwa Kiswahili. Shilinde akasoma. Alipokaribia mizinga sabini sauti ilianza kupungua, na msuluhishi akamwomba aipandishe. Kisha akamuuliza kama hayo ni maneno yake.

"Ni ushauri wa kitaalamu," Shilinde alisema.

"Kwamba akipata vifaa hivi ataendelea na kazi kama zamani?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na asipovipata?"

Shilinde akamtazama mwanasheria. Mwanasheria alikuwa anamtazama Shilinde, na yale macho hayakuwa ya kumsaidia. Jenifa akapeleka mezani ankara ya fundi seremala wa mjini, masanduku sabini na nguzo zake, pamoja na bei ya mavazi na mashine. Msuluhishi aliisoma bila haraka. Nje mtu alikuwa anauza karanga, akapita akipiga kelele, akarudi, na msuluhishi bado alikuwa anasoma.

Ilichukua mchana mzima. Kampuni ilianza kupanda kwa laki, halafu kwa milioni, mwanasheria akitoka nje kupiga simu na kurudi akiwa na jasho zaidi. Justini alidai milioni ishirini na nne. Walifunga kwenye kumi na saba: vifaa, gharama za matibabu, misimu miwili aliyokosa, na kiasi kwa ajili ya nyonga yenyewe. Ndoo sita za asali zilikataliwa kwa kukosa stakabadhi. Hilo lilimkera kuliko yote, na alimwambia msuluhishi hivyo, na msuluhishi akamjibu kwamba anaruhusiwa kukereka.

Shauri la Esperansi lilikuwa gumu. Sahihi ilikuwepo. Msuluhishi alimuuliza Shilinde kama karatasi ilitafsiriwa, akasema aliieleza kwa ufupi. Akaulizwa ufupi wa namna gani, akatafuta leso. Justini aliomba kutoa ushahidi, akaeleza alivyoona kitandani kwake, mstari mmoja kusomwa na minne kurukwa. Hakuongeza chumvi. Esperansi alisikiliza akiwa ameinamia mikono yake. Uamuzi ulitoka baada ya miezi minne: kampuni imwongeze milioni sita. Watu wa kampuni waliandika kwamba wanalipa kwa hisani, bila kukiri kosa. Esperansi alimwomba Jenifa amsomee sentensi hiyo mara mbili, akasema hisani yao waendelee nayo, yeye anachukua hela. Alinunua jokofu, akaacha dagaa, akaanza kuuza samaki wabichi.

Justini hakumwomba radhi kwa maneno. Alimpelekea Jumapili moja lita tano za asali iliyolinwa na mpwa wake kwa mgawo wa nusu kwa nusu, akaiweka mlangoni, akasema imebaki tu. Esperansi alisema asante, na kwamba ameielewa.

Masanduku yaliletwa kwa lori, yakapangwa kando ya pori kama kabati za maduka ya mjini. Justini aliyachukia siku ya kwanza. Yalikuwa mepesi, yalinuka rangi, hayakuwa na sura. Nyuki nao, kwa miezi mitatu, waliyapita na kwenda kwenye magogo, naye akasema wana akili. Kisha kundi moja likaingia, likafuata la pili, na mwezi wa kumi na moja alipofunua kifuniko cha kwanza, amesimama ardhini, gongo kwapani, fremu zilikuwa nzito na zimezibwa nta nyeupe ukingo hadi ukingo.

Alirudi nyumbani na ndoo mbili kabla jua halijawaka sawasawa. Adelina alimuuliza kazi imekwendaje huko.

"Hata karani wa bima angeiweza," Justini alisema, akakaa kuvua mavazi ya kinga, akianza na mguu mzima.